Kiti cha Mito Minne

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa kijiko. Mzee aligonga kijiko kwenye kikombe mara mbili, na binti yake akaacha kila alichokuwa anafanya. Aliingia chumbani, akamkalisha kitandani, akamvisha viatu na kumfunga kamba. Kisha alipitisha mikono chini ya makwapa ya baba yake, akahesabu moja, mbili, tatu, akamnyanyua.

"Umeamkaje, Baba?"

"Nimeamshwa," mzee alijibu.

Utani wake ulikuwa mzima. Miguu ndiyo iliyokuwa imemtupa mkono.

Binti huyu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, kwa ajili ya mwanga. Mbele ya cherehani kulikuwa na kiti cha mbao, na hapo ndipo baba yake alipokaa kutwa nzima. Mzee alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye uzito mwishoni, inayopima kama ukuta umesimama wima. Ukuta uliopinda alikuwa anaubomoa, hata ukiwa wa fundi mwingine. Kwa hiyo alikuwa na sifa nyingi na marafiki wachache.

Mke wake alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Alipasuliwa hospitali, akarudishwa nyumbani, akalala kitandani wiki kumi na moja. Mwisho mapafu yakashikwa na ugonjwa, na mama yule hakuinuka tena.

Tangu siku hiyo nyumba nzima iliogopa sakafu. Mzee akitaka kusimama, mtu alimwambia akae. Akitaka maji, yaliletwa. Akitaka kuota jua, alibebwa na kiti chake hadi mlangoni. Binti alimkata kucha, akamchana nywele, akamkatia hata mkate vipande vidogo.

"Kaa, Baba. Usijisumbue," alimwambia mara ishirini kwa siku.

Wateja waliokuja kushonewa nguo walimsifu sana. Walisema mzee amepata mtoto. Fundi aliwashukuru, na moyoni alijisikia vizuri kidogo. Ilikuwa nafuu pekee aliyokuwa nayo, maana bado alimlilia mama yake kila alipokuwa anapika.

Lakini kuna jambo lilikuwa linatokea, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa analishona. Mwezi wa pili baada ya mazishi, mzee alianza kupata shida kuinuka kwenye kiti. Fundi akachukua vipande vya kitambaa na sponji, akashona mto ili kiti kiwe juu zaidi. Mzee akainuka vizuri. Baada ya wiki chache shida ikarudi. Akashona mto wa pili. Kisha wa tatu. Sasa mito ilikuwa minne, yenye maua na kamba za kufungia, na mzee alikaa juu yake kama hakimu, vidole vya miguu vikigusa sakafu kwa shida. Na bado hakuweza kuinuka mwenyewe.

Jambo moja tu mzee alilikataa. Mkwe wake, mume wa fundi, dereva wa lori, alitaka kuita mafundi walijengee kaburi la mama, kwa sababu lilikuwa udongo mtupu bado.

"Hilo nitalijenga mimi," mzee alisema. "Nimewajengea watu nisiowajua. Nitashindwaje kumjengea mke wangu?"

Hakuna aliyembishia. Lakini wote walitazama ile mito minne.

Siku moja alikuja mteja wa mtaani hapo. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana. Watu wote walimwita Kocha. Ujanani alishindana kunyanyua vyuma. Sasa alifundisha watu mazoezi ya nguvu katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la matairi. Alileta blauzi mbili.

"Mikono inanibana, dada," alisema. "Wanaoshona nguo za dukani wanadhani mwanamke hana misuli."

Fundi alicheka, akachukua futi kumpima. Wakati huo kijiko kikagonga. Mzee alitaka kwenda chooni. Fundi akaacha futi shingoni mwa Kocha, akaenda kumnyanyua baba yake. Mzee alimlalia begani, akavutwa hatua kwa hatua hadi nje. Waliporudi, macho ya mzee yalikuwa chini. Mtu aliyewahi kusimama kwenye jukwaa la ghorofa ya tatu hapendi kupelekwa chooni mbele ya mgeni.

Kocha alisubiri mzee akae. Kisha akasogeza stuli karibu.

"Shikamoo, baba yangu."

"Marahaba."

"Miguu inauma?"

"Haiumi. Imekataa kazi tu."

"Daktari alisema nini?"

"Daktari hajaiona," mzee alisema. "Ni uzee huo."

Kocha akashika mto wa juu, akaubonyeza. "Hii mito ilianza lini?"

Fundi alimweleza, kwa fahari kidogo. Kocha alisikiliza bila kumkatiza. Halafu alisema kwa upole, "Dada, mto wa kwanza ulimsaidia. Lakini kila siku mwili unajipima na kazi unayopewa. Ukipewa kazi, unajenga nguvu. Ukinyimwa kazi, unapunguza nguvu, maana hauoni sababu ya kuzitunza. Kuinuka kwenye kiti ilikuwa kazi ya mapaja yake. Ulipopandisha kiti, ukayapunguzia kazi. Yakalegea. Ukapandisha tena, yakalegea tena."

Fundi alihisi uso ukimwaka. "Unasema mimi ndiye niliyemlemaza baba yangu?"

"Nasema umempenda kwa njia inayomwondolea nguvu. Wengi hufanya hivyo."

"Yeye ni mzee. Ana miaka sabini na mbili. Akianguka je?"

"Asiye na nguvu ndiye huanguka zaidi. Na misuli ya mzee inajengeka pia. Polepole kuliko ya kijana, lakini inajengeka."

Fundi alivuta futi yake shingoni mwa Kocha. "Mimi nimeshamzika mmoja," alisema. "Sitamzika wa pili kwa sababu ya mazoezi. Blauzi zako njoo Alhamisi."

Kocha aliinuka, akamuaga mzee kwa heshima, akatoka.

Siku mbili zilizofuata mvua ilinyesha kubwa. Ilipokatika, dereva alipita makaburini akitoka kazini, akarudi na uso mzito. Maji yalikuwa yamepita juu ya kaburi la mama. Udongo wa upande wa kichwa ulikuwa umebonyea.

"Nipeleke," mzee alisema.

Walikwenda wote watatu. Kutoka barabarani hadi kaburini hakuna njia ya gari, kwa hiyo dereva alimbeba baba mkwe wake mgongoni. Mzee alitania kwamba ni mara ya kwanza lori kumpakia abiria mgongoni. Walipofika, hakutania tena. Walimsimamisha, wakamshika huku na huku. Aliutazama ule udongo uliobonyea kwa muda mrefu. Alitaka kuinama aurudishie kwa mkono. Magoti yakatetemeka. Binti yake akamdaka haraka, akamvuta juu.

"Acha, Baba. Nitauweka mimi."

Fundi akapiga magoti, akasawazisha udongo. Mzee akatazama juu ya kichwa cha binti yake, mbali.

Kesho yake hakugonga kijiko. Fundi alimkuta ameamka, ametazama dari.

"Waite hao mafundi," mzee alisema. "Wakajenge. Mimi sijengi tena."

Fundi alisimama mlangoni. Alikuwa ameshayasikia maneno ya namna hiyo, kwa sauti ya namna hiyo hiyo. Mama yake pia, wiki ya nane, alisema wamwache, yeye hainuki tena. Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kulikuwa na neno alilolificha miezi minane.

"Baba, nina jambo sijakwambia. Mama alipotoka hospitali, muuguzi aliniambia nimwinue kila siku. Atembee hata hatua tano. Alisema akilala tu, atadhoofika na kifua kitajaa. Siku ya kwanza nilimwinua, akalia kwa maumivu. Nikashindwa. Nikamwambia alale. Nikamwambia hivyo kila siku, Baba. Muuguzi aliniambia, nami sikufanya. Sikumuuliza hata dawa ya kutuliza yale maumivu. Nilimwambia lala."

Alilia akiwa ameziba mdomo, ili wateja wasimsikie. Mzee alinyoosha mkono, akamshika kiganja.

"Najua," alisema. "Nilikuwa mlangoni siku ile. Nilimsikia muuguzi, na nilimsikia mama yako analia. Wewe uliposema lala, mimi nilishukuru Mungu, maana sikuweza kusikia kile kilio. Usibebe peke yako, mwanangu. Tulimlaza sisi wawili."

Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha mzee akasema, "Yule mama mwenye mabega, anakuja Alhamisi?"

Alhamisi Kocha alikuja. Alizijaribu blauzi, zikamkaa vizuri sana. Fundi alimwomba radhi, na Kocha akasema yaliyopita yamepita. Halafu akauliza mzee anataka nguvu za nini.

"Kwani lazima ziwe za kitu?" fundi aliuliza.

"Ndiyo. Mazoezi bila shabaha mtu huyaacha wiki ya pili. Na mimi siwezi kuyapanga kama sijui yanakwenda wapi."

"Nataka kupiga magoti kaburini kwa mke wangu, nijenge," mzee alisema. "Na nataka kuinuka."

"Basi tutafanya hayo hayo, kupiga magoti na kuinuka. Lakini kwanza zahanati. Wakupime presha, wakusikilize moyo, watazame magoti. Mimi si daktari."

Presha ilikuwa juu kidogo, akapewa dawa. Mengine yalikuwa sawa. Daktari alisema mazoezi yatamfaa, mradi aanze kidogo, na maumivu ya kifua au kizunguzungu vikija, aache mara moja na kurudi zahanati.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Kocha hakuleta chuma chochote. Alimwomba mzee asogee ukingoni mwa kiti, juu ya mito yake yote minne, arudishe miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, kisha asukume sakafu.

"Pumua nje unapoinuka," alisema. "Usibane pumzi. Shika mikono ya kiti, si vibaya."

Fundi aliruka kumshika baba yake.

"Dada, mikono nyuma," Kocha alisema. "Mimi nipo hapa kumdaka. Yako funga nyuma kama uko gwaride."

Mzee alisukuma. Shingo ilimtoka mishipa. Aliinuka nusu, akarudi. Alisukuma tena, akarudi. Mara ya tatu akasimama, akiyumba, peke yake. Fundi aliminya vidole vyake nyuma ya mgongo mpaka vikauma. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutomshika.

Siku hiyo mzee alisimama mara tatu tu, na Kocha akasema inatosha. Walipanga siku tatu kwa wiki, na katikati siku za kupumzika. Kwenye kiti aliinuka na kukaa. Kwenye mlango alishika fremu na kusimama kwa vidole vya miguu. Na kwenye ukuta aliweka viganja, akajisogeza mbele na kujisukuma nyuma.

"Miaka arobaini najenga kuta," mzee alisema akihema. "Leo nalipwa chai nizisukume."

Kocha aliuliza pia juu ya chakula. Tangu msiba, mzee alikuwa anakula mkate na chai tu. Kocha akasema misuli haijengwi kwa chai. Fundi akaanza kumpa maharage, yai, samaki anapopatikana, na maziwa jioni. Kile kijiko kikapewa kazi yake ya kawaida.

Usidhani ilikuwa safari nyepesi. Kuna siku mzee aligeukia ukutani na kukataa kuamka.

"Nguvu hizi za nini?" aliuliza. "Aliyekuwa ananisubiri nikirudi kazini hayupo."

Kocha hakumhubiria. Alikaa kwenye stuli, akasema, "Sawa, baba yangu. Inuka mara mbili tu. Kisha urudi ulale uendelee kumlilia. Siwezi kukuondolea huzuni, na sitaki."

Mzee aliinuka mara mbili. Siku nyingine, baada ya hizo mara mbili, aliongeza ya tatu. Siku nyingine alirudi kulala kweli, na Kocha akaondoka bila kununa.

Mwezi wa pili wa mazoezi mto mmoja uliondolewa. Miguu ikafika sakafuni sawasawa. Alipoweza kuinuka mara nane kwa raundi tatu bila kushika kiti, wakaondoa wa pili. Kila mto ulipotoka, mwanzo kazi ilikuwa ngumu tena, mzee akanung'unika, halafu ikazoeleka.

"Hii ndiyo siri yote," Kocha alimwambia fundi. "Wewe ulikuwa unapandisha kiti kadiri anavyolegea. Sasa tunashusha kadiri anavyopata nguvu. Mto ni ule ule. Anza mtu alipo, ongeza kidogo, mpe muda, ongeza tena."

Mzee, kwa kuwa ni Timazi, alitaka kumaliza upesi. Wiki moja alifanya mazoezi kila siku kwa siri, asubuhi na jioni, na akabeba ndoo ya mchanga uani bila kuambiwa. Goti likavimba. Kocha alipoliona, hakupandisha sauti.

"Baba, ukuta ukishaujenga, unaupandishia zege siku hiyo hiyo?"

"Hapana. Unasubiri saruji ishike. Unamwagilia maji, unaupa siku."

"Na fundi anayepandisha zege siku hiyo hiyo?"

"Huyo si fundi."

Kocha akalitazama goti. Mzee naye akalitazama. Alipumzika siku kumi, goti likapungua, wakaanza tena nyuma kidogo ya pale walipokuwa. Kuanzia hapo aliheshimu siku za kupumzika.

Siku mto wa mwisho ulipotoka, fundi alimsindikiza Kocha hadi barabarani. Alikuwa na swali alilolibeba miezi mitatu.

"Kocha, kama ningemwinua mama, kama ningemwacha alie lakini nikamwinua, angepona?"

Kocha alisimama. "Sijui, dada. Nikisema ndiyo, nitakuua. Nikisema hapana, nitakudanganya. Waliovunjika nyonga wengine huinuliwa kila siku na bado huondoka. Lakini kuinuliwa kungempa nafasi zaidi, ndiyo maana muuguzi alikwambia. Hukujua namna ya kuvumilia kile kilio. Hakuna aliyekufundisha."

Fundi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Jibu lile halikumwondolea uchungu. Lakini lilikuwa la kweli, na usiku huo alilala.

Iliyobaki ilikuwa sakafu, ile waliyoiogopa wote. Kocha alitandika blanketi na kumfundisha mzee kushuka: mkono kwenye kiti, goti moja chini, la pili, kiganja sakafuni. Kisha kupanda: mguu wenye nguvu mbele, viganja juu ya paja, pumua nje, sukuma. Alimfundisha pia afanye nini akianguka, asikurupuke, ajikague kwanza, atambae hadi kwenye kitu imara. Mara ya kwanza mzee alikaa chini robo saa, akashindwa kupanda. Fundi aliikazia macho cherehani yake, mikono nyuma. Wiki ya sita alishuka na kupanda bila kushika kiti, na mjukuu wake, binti mdogo wa fundi, akampigia makofi.

Kaburi alilijenga kiangazi. Dereva alichanganya saruji na kumsogezea matofali. Kocha alimruhusu kunyanyua tofali nusu, moja moja, mgongo umenyooka, na kupumzika kila baada ya matofali matano. Kazi ambayo zamani angeimaliza kabla ya jua la utosi ilimchukua siku sita. Alipiga goti, akapaka saruji, akaweka tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akainuka kulitazama. La pili alilibomoa kwa sababu lilikwenda pembeni kidogo sana. Dereva alisema haionekani. Mzee alisema yeye anaiona.

Siku ya sita, tofali la mwisho lilikaa upande wa kichwa. Mzee alilifuta kwa kitambaa. Hapo hapo nguvu zikamwishia, za moyo, si za miguu. Alijishusha taratibu, akakaa chini kwenye udongo, akaweka kiganja juu ya kaburi la mke wake. Kisha akalia kwa sauti, kilio alichokibana tangu siku ya mazishi.

"Nilikulaza," alisema. "Nisamehe, mama watoto. Nilikulaza."

Fundi alikimbia kwake, mikono mbele, tayari kumshika makwapani.

"Niache, mwanangu," mzee alisema bila kugeuka. "Nitainuka mwenyewe."

Fundi alisimama pale pale. Naye alilia, akamwacha baba yake alie mpaka mwisho. Jua lilikuwa limeshainama kidogo mzee alipofuta uso kwa mkono wa shati. Akapiga goti moja, akaleta mguu mbele, akaweka viganja vyote viwili juu ya paja lake, akapumua nje, akainuka. Hakuushika ukuta, kwa sababu saruji ilikuwa bado mbichi.